Ubao wa dama wa vichwa vya mbao: kuumalizia baada ya gundi kukauka

Alasiri, jua likishazunguka nyuma ya mji, upande wa gati hapa Lamu hupata kivuli na mabaraza hujaa watu. Penye kahawa patakuwa na bao, na hatua chache mbele yake patakuwa na dama. Dama nyingi huchezewa juu ya kipande cha plaiwudi kilichopigwa rangi nyeusi na nyeupe, na mchezo ni ule ule. Lakini mtu akishacheza mara moja juu ya ubao mnene ambao miraba yake imesimamishwa vichwa juu, yaani ncha zilizokatwa kwa kukingama zikitazama juu, akasikia kete inavyotua kwa mlio mzito, harudi kwenye plaiwudi kwa moyo mweupe.

Mwongozo huu ni wa yule aliyekwisha kukata na kuunganisha. Una vipande 64 vilivyosimama wima, vyeusi na vyeupe vikipishana, gundi imefura kwenye viungo, uso una ngazi ngazi, na mikono inakuwasha uone rangi ya mbao ikitoka. Hapo ndipo mbao nyingi huharibika. Watu huzimaliza kama wanavyomaliza meza, na ubao wa vichwa una tabia nyingine kabisa.

Tabia ya kichwa cha mbao

Mti ulipokuwa hai ulipandisha maji kutoka mizizini hadi majanini kwa mirija midogo isiyohesabika. Ukichana mbao kwa urefu, mirija hiyo hulala ubavu na wewe unaona migongo yake. Ukikata kwa kukingama na kukisimamisha kipande, umefungua midomo yake yote, juu na chini. Ndiyo maana kichwa cha mbao hunywa mafuta mara nyingi zaidi ya ubavu, na kikinywa rangi yake hukoza sana. Mvule wa kahawia ya dhahabu huweza kuwa wa kahawia iliyoiva. Mwembe mweupe huweza kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Lijue hilo kabla, ili usije ukashtuka.

Jambo la pili ndilo zito. Mbao karibu haitanuki kabisa kwa urefu wa nyuzi zake. Hutanuka na kunywea kwa upana, hewa inapobeba unyevu na inapokauka. Meza ya kawaida basi hucheza upande mmoja tu, na mafundi wanajua kuupa upande huo nafasi. Ubao wa vichwa hucheza pande zote mbili za uso wake kwa pamoja, huku unene ukibaki pale pale. Miraba ya sentimita 4.5 hukupa ubao wa sentimita 36, na ubao wa namna hiyo, ukitoka kwenye ukavu wa kaskazi kuingia kwenye masika, unaweza kuongezeka milimita moja au zaidi kila upande. Milimita moja ni ndogo kwa jicho, ila nguvu zake ni za kupasua.

Nilijifunza kwa hasara. Ubao wangu wa kwanza niliuvika fremu ya mvule niliyoitia nakshi za maua kama za milango yetu, nikaibandika kwa gundi pande zote nne na kuipigia misumari midogo. Ilikuwa Februari, kila kiungo kimekaa kama kimeota. Mwezi wa tano, mvua ikiwa imeshika, kona mbili za fremu zilikuwa zimefunguka hata ukucha unaingia, na ufa ulikuwa umepita katikati ya safu ya nne. Niliupeleka kijiji cha Matondoni kwa mzee mmoja fundi wa majahazi. Nikamwamkia shikamoo, nikamwekea ubao mapajani. Aliupapasa kingo zake kimya, kisha akasema, "Umeubana, mwanangu. Mti huu umekosa pa kupumulia." Kila ninachoandika hapa chini kimejengwa juu ya maneno yake.

Kabla hujagusa msasa: subiri

Gundi nyeupe ya mbao ina maji ndani yake. Unapobana vipande, maji hayo huingia kwenye mbao pembeni mwa kiungo na kuifurisha kidogo. Ukipiga randa au msasa siku ya pili, unasawazisha mbao iliyofura. Wiki mbili baadaye maji yakishatoka, kila kiungo huzama na kuacha mfereji mwembamba. Utauona mwanga ukipita juu yake, na utauhisi kwa kidole.

Kwa hiyo toa jiliwa, yaani vibanio, baada ya saa 24, kisha usimamishe ubao kwa ubavu, mahali penye kivuli na upepo, kwa wiki nzima. Usiulaze juu ya sakafu ya saruji au chokaa, maana upande wa chini utakosa hewa na ubao utajikunja. Ukiweza kuchagua, fanya kazi hii kati ya Januari na Machi, kaskazi inapovuma na mvua ni haba. Kati ya Aprili na Juni ongeza wiki moja zaidi, na ujue kwamba hata mafuta yatachelewa kukauka.

Wiki hiyo ya kusubiri itumie kukagua viungo. Pitisha tochi ya simu chini ya ubao gizani: mwanga ukipenya mahali, pana pengo. Pengo jembamba kama uzi hujazwa kwa unga laini wa mbao ile ile uliochanganywa na gundi kidogo hadi uwe kama ugali mzito. Usindilie kwa ncha ya kisu, na uache ukae juu ya uso kidogo kwa sababu utanywea. Unga ukichanganywa na gundi hukoza, basi pengo lililo kati ya mraba mweusi na mweupe lijaze kwa unga wa ule mweusi. Jicho litalichukua kama sehemu ya mstari. Pengo linaloingiza kadi ya simu halijazwi. Lichane kwa msumeno palepale, sawazisha kingo, ubandike upya. Inauma, lakini utaumia zaidi baada ya mafuta.

Kusawazisha uso

Anza kwa kukwangua gundi iliyofura. Patasi kali iliyolazwa inatosha, na mafundi wengi hapa hutumia kipande cha kioo kilichovunjika, chenye ukingo ulionyooka. Usipeleke msasa juu ya gundi mbichi wala iliyokauka: hupata joto, hulainika, huziba msasa na kuchafua miraba myeupe.

Ukiwa na randa ya mkono, itumie, ila kwa masharti. Noa ulimi wake mpaka unyoe nywele za mkono, na uutoe kidogo mno, unene wa unywele tu. Kabla ya pigo la kwanza, kata kingo zote nne za ubao kwa mshazari wa milimita mbili au tatu. Nyuzi zilizosimama hazina kitu cha kuziegemeza pale ukingoni, na randa ikitoka nje huzivunja vipande vipande. Piga kwa mshazari, kutoka kingoni kwenda katikati, kamwe usitoke nje. Mbao ikiwa ngumu, pangusa uso kwa tambara lenye spiriti kidogo. Nyuzi hulainika kwa dakika chache na ulimi hukata vizuri, na spiriti hukauka bila kufurisha mbao kama maji.

Kama mvule wako unakula ulimi wa randa kwa ghafla, angalia mahali penyewe. Mvule huwa na vidonge vya chokaa ngumu kama jiwe ndani yake, ambavyo mti wenyewe uliviweka ulipokuwa hai. Vichokoe kwa ncha ya patasi kuukuu, jaza tundu, na uendelee.

Usipokuwa na randa, chukua tailsi ya sakafu iliyonyooka, bandika juu yake msasa namba 60 au 80 wa kukatwa kwa mita, geuza ubao kifudifudi na uusugue juu yake. Ni kazi ya jasho na ya asubuhi nzima, lakini uso utanyooka kuliko ule uliopigwa kwa mashine na mkono usiozoea. Mashine ya msasa wa mkanda naiogopa kwa kazi hii. Huchimba pembeni, na ikisimama mahali pamoja kwa sekunde mbili huunguza kichwa cha mbao, na doa la moto katika nyuzi zilizosimama huzama chini sana.

Utajuaje kama umenyooka? Weka rula ya chuma kwa ubavu wake juu ya ubao, kwa urefu, kwa upana, kisha kona kwa kona, ukitazama mwanga chini yake. Halafu uweke ubao juu ya kioo cha dirisha na ubonyeze kona moja moja. Ukigonga, umepinda. Rudia chini kama ulivyofanya juu, maana ubao uliosawazishwa upande mmoja tu utajikunja.

Neno kuhusu vumbi. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kifua, na wapo ambao huwafungia pumzi kabisa. Funga barakoa ya maana, fanya kazi penye upepo unaokwenda mbali na nyumba, na usifagie vumbi likiwa kavu watoto wakicheza karibu.

Msasa, hatua kwa hatua

Hapa ndipo ubao hupata sura yake, na hapa ndipo pa kukaa. Mkwaruzo ambao kwenye ubavu wa mbao usingeuona, kwenye kichwa hutokeza kama mstari wa wino mara mafuta yanapoingia. Sababu ni ile ile ya mirija: mafuta hujaa ndani ya mkwaruzo na kuukoza.

Fuata namba bila kuruka: 80, 120, 180, 240, 320. Mimi humalizia kwa 400. Kila namba ina kazi moja tu, kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia. Ukiruka kutoka 80 kwenda 180 utasugua kutwa na mikwaruzo ya 80 itabaki pale, imelainishwa tu.

Kuna njia rahisi ya kujihakikishia. Kabla ya kila namba, chora kwa penseli mistari myepesi juu ya miraba yote. Sugua mpaka penseli ifutike kila mahali, ndipo uhesabu kwamba umepita sawasawa. Na kila unapobadilisha namba, badilisha na mwelekeo: 120 sugua kwa urefu, 180 kwa upana, 240 kwa urefu tena. Mikwaruzo iliyobaki itajitokeza kwa kukingama, utaijua ni ya nani. Daima funga msasa kwenye kipande cha mbao kilichonyooka. Vidole vitupu huchimba mbao laini na kuiacha ngumu, na ubao wenye mvule na mwembe utakuwa na mabonde kwenye kila mraba mweupe.

Sasa vumbi jeusi. Ukisugua mbao mbili za rangi tofauti kwa pamoja, unga wa ile nyeusi hujaa kwenye matundu ya ile nyeupe, na mwembe wako huwa na uso wa kijivu kama haujaoga. Tambara halitoi vumbi hilo, hulisukuma ndani zaidi. Baada ya kila namba nasimamisha ubao, naupiga kwa kiganja mgongoni, kisha napuliza mraba kwa mraba kwa pampu ya kujazia mpira. Brashi ngumu ya nguo husaidia kwenye matundu makubwa. Usitumie tambara lenye maji hatua hii. Maji hugeuza vumbi kuwa rangi.

Kama una mti mwekundu, mninga kwa mfano, tahadhari na spiriti na tina ya kupunguzia rangi. Miti ya namna hiyo hutoa rangi ikiguswa na vimiminika hivyo, na rangi hukimbilia jirani mweupe. Jaribu kwanza kwenye vipande vilivyobaki. Kwa jumla, usitupe vipande vilivyobaki hadi kazi iishe. Bandika viwili vitatu pamoja, uwe na ubao mdogo wa majaribio, na kila unachotaka kuupaka ubao mkubwa ukionje hapo.

Ukishafika 320, loanisha uso kwa kitambaa kilichokamuliwa hasa, juu na chini, pitio moja moja. Nyuzi ndogo zilizolazwa na msasa zitanyanyuka na uso utakwaruza kama ulimi wa paka. Acha ukauke kutwa nzima, kisha pitisha 400 kwa mkono mwepesi, mara tatu au nne, basi. Nyuzi hizo zisiponyanyuliwa sasa, zitanyanyuka siku mtu atakapomwaga kahawa.

Mwisho ulaze ubao dirishani usiku, zima taa, na weka tochi ya simu usawa wa ubao ili mwanga uparuze uso. Utayaona yote. Ukiona kitu, rudi namba mbili nyuma kwenye eneo zima, si kwenye doa peke yake.

Kingo, fremu na miguu

Kingo za ubao ni ubavu wa mbao, nyuzi zikipanda na kushuka. Zisugue kwa kufuata nyuzi, juu chini, na mshazari ule wa kingo ulainishe kwa 240 hadi usiume kiganja.

Fremu si lazima. Ubao wa vichwa wenye unene wa sentimita tatu una uzito na heshima ya kutosha bila kuvikwa kitu. Ukiitaka kwa ajili ya nakshi, itengeneze kama sinia lenye kingo: kona za fremu zibandikwe zenyewe kwa zenyewe, na ubao ukae ndani bila gundi hata tone, ukiacha nafasi ya milimita mbili kila upande. Nafasi hiyo ukiifanya kwa usawa inaonekana kama mstari wa kivuli, na inapendeza. Kwa sababu hiyo hiyo usibandike plaiwudi chini ya ubao wa vichwa. Plaiwudi karibu haitanuki, ubao unatanuka, na kilicho dhaifu kati yao ni viungo vyako.

Chini, weka miguu minne ya ngozi nene au mpira, karibu na kona, ili hewa ipite. Ibandike baada ya mafuta kukauka. Na kabla ya mafuta, geuza ubao uandike kwa penseli jina lako, aina za mbao na mwaka. Mafuta yatayafungia maandishi hayo ndani, na miaka 30 baadaye mjukuu atajua mbao hii ilikuwa ya nani.

Mafuta gani

Swali hili huulizwa kuliko yote, na jikoni ndiko watu hukimbilia. Mafuta ya nazi hayakauki. Yataingia, yatapendeza wiki moja, kisha yatarudi juu kila joto likipanda na kuukamata mchanga wa mabaraza yetu. Ya simsim hukauka nusu tu na kuacha utelezi unaonata. Sifa, mafuta ya papa wanayopakwa majahazi, yana kazi yake kule majini; ubao wa dama ukipakwa sifa hakuna atakayekaa nao sebuleni.

Yanayofaa ni mafuta ya kitani, yanayopatikana kwenye maduka ya rangi na vifaa vya ujenzi. Haya hukauka kweli: huvuta hewa ya oksijeni na kugeuka kuwa kitu kigumu ndani ya mirija. Chagua yale yanayoitwa ya kuchemshwa, ambayo yametiwa vikaushio. Mabichi huchukua majuma kukauka. Ujue pia kwamba mvule na msaji zina viini vyao vinavyochelewesha ukaukaji, kwa hiyo jaribio kwenye kipande kilichobaki ni la lazima, na subira iongezwe.

Hatari moja, na ninaisema kwa uzito wote. Tambara lililolowa mafuta ya kitani likikunjwa na kutupwa pembeni hupata joto lenyewe, kwa sababu kuvuta oksijeni kunazaa joto, na linaweza kuwaka bila kiberiti. Katika mji wa nyumba zilizobanana kama huu, na mapaa ya makuti yako kote kisiwani, hilo si jambo la kupuuza. Kila tambara likunjue, litandaze peke yake juu ya jiwe au kamba nje hadi likakamae kabisa, au lizamishe kwenye ndoo ya maji na uifunike. Hata tambara dogo la mwisho. Hata kama umechoka.

Kupaka

Pigilia misumari midogo minne kwenye kipande cha mbao, ncha juu, ili ubao ukae juu ya ncha hizo. Utapaka pande zote siku moja, na alama za ncha chini ya ubao hazionekani.

Kwa mkono wa kwanza, yaani upakaji wa kwanza, changanya mafuta na tapentaini, nusu kwa nusu. Mchanganyiko mwepesi huenda ndani zaidi. Anza chini, kisha kingo, kisha juu. Mwaga kwa wingi, tandaza kwa tambara, na utazame. Miraba mingine itabaki inang'aa, mingine itakunywa yote na kufifia mbele ya macho yako. Iongeze iliyofifia. Endelea kuzunguka hivyo kwa dakika 30 hadi 40, mpaka hakuna mraba unaodai. Kisha pangusa kila kitu, kwa tambara kavu baada ya tambara kavu, mpaka kiganja kikipita kisiache alama.

Kupangusa huko ndiko siri ya kazi nzima. Mafuta yanayobaki juu ya uso hayawi ulinzi, huwa ngozi laini inayonata na hutaitoa ila kwa kukwangua.

Kwa saa nne au tano za kwanza rudi kila baada ya nusu saa. Mirija iliyojaa hutoa jasho: vitone vidogo vitatokea juu ya matundu, hasa jua likipandisha joto. Vipanguse. Ukivilaza usiku, asubuhi vitakuwa vipele vigumu.

Acha siku mbili, tatu wakati wa kusi. Ubao uko tayari kwa mkono wa pili ukiuweka pua na kusikia harufu hafifu tu, na kiganja kikiwa kikavu. Mkono wa pili uwe wa mafuta matatu kwa tapentaini moja, wa tatu na kuendelea mafuta matupu, kidogo kidogo, dakika 15 kisha upangusie. Mikono minne hutosha kwa ubao wa nyumbani. Wa barazani naupa sita. Kati ya mkono na mkono pitisha msasa 400 ulio mkavu kwa wepesi, puliza vumbi, endelea. Wapo wanaosugua msasa mafuta yakiwa bado mabichi ili uji wake uzibe matundu. Kwa mbao ya rangi moja ni mbinu nzuri sana. Kwa ubao wa dama uji ule ni mweusi, na utaijaza miraba myeupe uliyoihangaikia.

Upande wa chini upewe mikono sawasawa na wa juu. Ubao uliozibwa juu na kuachwa wazi chini hunywa unyevu upande mmoja na kuinama kama sahani.

Nta

Baada ya mkono wa mwisho subiri wiki moja, kisha paka nta. Nta ya nyuki hupatikana kwa warina asali wa bara; Waboni wa misitu ya Lamu wana sifa ya kurina tangu zamani. Ikija na masega na mabawa ya nyuki, iyeyushe ndani ya maji ya moto, ichuje kwa kitambaa cha pamba, iache igande juu.

Kipimo changu ni nta moja kwa mafuta ya kitani manne, kwa uzito. Weka nta kwenye kopo, kopo ndani ya sufuria yenye maji, sufuria juu ya moto mdogo. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 63 hivi, maji hayahitaji hata kuchemka. Usiiweke juu ya moto moja kwa moja, na ukitaka kuongeza tapentaini ili iwe laini, epua kwanza na uende mbali na moto. Ikipoa itakuwa kama samli. Paka kiasi cha ncha ya kidole kwa miraba minne, sugua kwa mviringo, subiri nusu saa, kisha ng'arisha kwa kitambaa cha sufu au kanga kuukuu. Nta nyingi kwenye matundu ya mvule hugeuka madoa meupe, kwa hiyo afadhali kidogo mara mbili.

Vipi kuhusu vanishi na shelaki?

Pwani yetu na vanishi vinajuana. Sandarusi, utomvu wa msandarusi, ilisafirishwa kwa wingi kutoka Zanzibar katika karne ya 19 hadi viwanda vya vanishi vya Marekani, Salem ukiwa mmoja wa miji iliyoipokea. Sina neno baya dhidi ya vanishi kwenye mlango au jahazi.

Kwenye ubao wa vichwa siipendi. Ubao unaendelea kucheza chini ya ngozi ngumu, na baada ya misimu miwili mitatu ngozi hiyo hupasuka kwa kufuata viungo. Unyevu huingia kwenye nyufa na kubaki ndani. Kuirekebisha ni kukwangua yote na kuanza upya, wakati ubao wa mafuta huongezewa mafuta tu. Shelaki, inayotokana na utomvu wa wadudu wadogo wa India na kuyeyushwa kwa spiriti, hutoa mng'ao mzuri kuliko zote na hukauka kwa dakika, lakini kikombe cha kahawa ya moto huacha juu yake pete nyeupe. Kama ubao ni wa sebuleni na kahawa haikaribii, ipake kwa kitita cha pamba, mikono mingi myepesi sana, ukianza na mwembamba wa kuziba midomo ya mirija. Ukishikilia vanishi, ipunguze kwa tapentaini nusu kwa nusu kwa mikono miwili ya kwanza, sugua kwa 320 kati ya kila mkono, na upake chini vile vile.

Ubao ukishaanza kuchezewa

Usiuache juani barazani. Jua hukausha uso wa juu wakati chini bado pana unyevu, na kwa saa mbili tu ubao huanza kuinuka kona. Ukiinuka, ugeuze kifudifudi kivulini juu ya vipande viwili vya mbao, siku mbili. Mara nyingi hurudi wenyewe. Kahawa ikimwagika, pangusa papo hapo kwa kitambaa kavu. Mikono yenye halua inafutwa kwa kitambaa chenye maji kidogo, si sabuni.

Mara moja kwa mwaka, kaskazi ikikaribia kuisha na kabla ya masika, dondosha tone la maji juu ya mraba wa katikati, pale kete zinapogongwa zaidi. Likikaa kama lulu, acha. Likitandaa na kuzama, futa nta ya zamani kwa tapentaini, pitisha 400, mpe ubao mkono mmoja wa mafuta juu na chini, kisha nta. Doa au alama ya kete iliyozama isuguliwe hivyo hivyo, lakini safu yote, ili mraba mmoja usije ukawa bonde na kete zikaanza kuyumba juu yake.

Tandaza matambara.